Kibarua kutoka Burundi: kibali kinahitajika
Mkuu, umeuliza kama Mrundi anayevuka kuja kulima Kasulu, huku Tanzania, anahitaji kibali, maana sote ni Afrika Mashariki. Anahitaji. Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani makubaliano ya nchi za Afrika Mashariki kuhusu watu kufanya kazi nchi jirani, ilianza 2010, ila Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya Tanzania ya 2015 haijamwondolea kibali cha kazi, na kosa linamgusa hata mwenye shamba.

Najua, mtu wa kupalilia mahindi wiki mbili nani atamkatia kibali? Ndiyo maana wengi huvuka kimyakimya, halafu siku ya malipo bosi anamtishia kibarua kumwitia Uhamiaji ili asimlipe. Huo ni wizi tu. Pita ofisi ya Uhamiaji wilayani uulize kabla mvua hazijaanza.