Kupima utafiti wa vyuo vikuu: someni kazi zenyewe

Serikali inapotaka kujua ubora wa utafiti wa vyuo vikuu vyake, haraka hukimbilia kuhesabu: makala ngapi, zimenukuliwa mara ngapi, zimetoka jarida gani. Ushauri wetu ni kusoma. Uingereza, iliyoanza tathmini hizi mwaka 1986, hadi leo huyakabidhi machapisho kwa majopo ya wataalamu. Katika tathmini ya 2021, iitwayo REF (Research Excellence Framework), taasisi 157 ziliwasilisha machapisho zaidi ya 185,000 katika fani 34, na hadhi ya jarida haikutumika kama kipimo. Majopo yalitazama upya wa wazo, uzito wake na umakini wa mbinu, kisha yakatoa nyota moja hadi nne. Kazi isiyofikia kiwango haikupata hata moja.

Kabla ya kutoa alama, wanajopo wote wasome sampuli ileile na kulinganisha alama zao. Hatua hii isirukwe. Isipofanyika, mmoja atagawa nyota nne kama njugu, mwingine atazibania, na alama za idara zitategemea zilikoangukia kazi zake.

Mtego mkubwa uko kwenye idadi ya kazi kwa kila mtu. Katika tathmini ya Uingereza ya mwaka 2014 mtafiti aliyewasilishwa alitakiwa kwa kawaida kuwa na machapisho manne, na chuo ndicho kilichochagua nani awasilishwe. Vyuo vikapata sababu ya kuwaacha nje watafiti walioonekana kushusha wastani, na kuachwa huko kukawa doa kwenye kazi ya mtu. Mapitio ya mfumo huo yaliyoongozwa na mchumi Nicholas Stern mwaka 2016 yakafungua njia ya kubadili kanuni: kila mwenye jukumu kubwa la utafiti ahesabiwe, idara ilete wastani wa machapisho 2.5 kwa kila nafasi ya muda wote, na kila mtu awe na angalau moja, yasizidi matano. Tunaupendelea mfumo huu kwa sababu aliyetumia miaka mingi kwenye kitabu kimoja haumizwi. Matokeo nayo yatangazwe kwa idara, asilimia ngapi nyota nne na ngapi tatu, bila alama za mtu mmoja mmoja.

Katika REF 2021 machapisho yalibeba asilimia 60 ya alama, mazingira ya utafiti 15, na manufaa nje ya chuo 25. Kwenye manufaa wengi hukwama. Kuhutubia kongamano au kuhojiwa redioni ni kueneza habari tu. Manufaa ni mwongozo wa tiba uliobadilishwa kwa kuutaja utafiti huo, au takwimu za kabla na baada. Ushahidi ukusanywe mradi ukiendelea, maana ofisa aliyeutumia utafiti huhamishwa, na akishaondoka hakuna wa kuandika barua ya uthibitisho.

Kwa wanaoandika kwa Kiswahili, kusoma ndiyo njia pekee ya haki. Makala nzuri ya isimu katika jarida la *Kiswahili* au *Mulika* la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) inaweza isionekane kabisa kwenye kanzidata za kimataifa za unukuzi. Anayehesabu ataipa sifuri, anayeisoma ataipa inachostahili.

Gharama ni kubwa kweli: REF 2021 ilikadiriwa kula takriban pauni milioni 471. Nchi yenye bajeti ndogo iombe chapisho moja tu kwa kila mtafiti, na irefushe muda kati ya tathmini hadi miaka saba, kabla ya kufikiria kuacha kusoma.