Barua kwa mwanangu: matabaka ya uta wako wa kwanza

Masasi, Mtwara

Mwanangu mpendwa Somoe,

Barua yako kutoka Lindi imenifikia, na mama yako, aliyeisoma kabla yangu, anakusalimu sana. Umeuliza kwa nini ujisumbue kugundisha vipande vya mbao ilhali marehemu babu yako alichonga uta kwa mti mmoja wa mkole, na umeuliza pia kama ule ubao wa mpingo uliopewa unafaa kuwa uta mzima, kwa kuwa katika mikoa yetu hii hakuna mti unaosifiwa kwa ugumu kuliko huo.

La mpingo nitalijibu kwanza kwa sababu ni fupi: haufai. Mpingo mkavu huzama majini, na mita moja ya ujazo ina uzito wa takriban kilo 1,200. Unapouachia upote, yaani kamba ya uta, mikono ya uta, zile pande mbili za kishikio, inapaswa kurudi mahali pake kwa kasi kubwa, na mkono mzito hutumia nguvu nyingi kujirudisha wenyewe, hivyo mshale hupata kidogo kinachobaki. Kata vipande viwili vidogo vya kuimarisha ncha, pale utakapochonga mikato ya kushikia upote, na kipande kingine cha kishikio. Kwa kuwa mpingo una mafuta ya asili, upige msasa na kuupangusa kwa spiriti muda mfupi kabla ya kuupaka gundi.

Sasa nije kwenye mkole wa babu yako. Yeye alitumia fito nzima aliyoibandua ganda bila kuugusa mti ulio chini yake, kwa hiyo nyuzi za mti zilitoka ncha hadi ncha bila kukatika. Wewe utaanza na mbao zilizopita kwenye msumeno, na msumeno haufuati nyuzi. Uta unapovutwa, upande wa mgongo, ule unaotazama mbele, hunyooshwa, na upande wa tumbo, unaomtazama mpigaji, hubanwa. Ubao ambao nyuzi zake zimekatwa kwa mshazari mgongoni huinua kibanzi siku moja, kisha huvunjika. Ndiyo maana tunaufunika kwa mwanzi, ambao nyuzi zake ngumu zaidi zimesongamana karibu na ganda la nje na huvumilia kunyooshwa kuliko mbao nyingi. Wajapani wamegundisha mianzi na mbao katika mata yao marefu kwa karne nyingi kwa faida hiyo hiyo.

Ipo sababu ya pili, nayo ndiyo iliyonivutia mimi tangu nilipoielewa. Ukikunja daftari, kurasa zake huteleza moja juu ya nyingine. Lakini kama ungezigundisha zikiwa zimekunjwa hivyo, zisingeweza kuteleza tena na daftari lingebaki na umbo hilo. Matabaka ya uta ni vivyo hivyo. Unayafunga kwenye boriti iliyochongwa mbinuko mdogo, unaacha gundi ikauke, na uta unatoka ukiwa umepinda kuelekea mbele sentimita tano hivi bila kutumia moto. Upote ukishafungwa, mikono inakuwa tayari imekazwa kabla hujaanza kuvuta.

Kwa mkono wako unaovuta sentimita 71, urefu wa sentimita 173 utakutosha na kukusamehe mengi. Mgongoni weka mwanzi uliokomaa, uliokatwa wakati wa kiangazi kutoka shina nene, na uupunguze upande wa ndani mpaka ubaki milimita tatu tu katikati. Usitamani kuuacha mnene zaidi: mwanzi una nguvu sana ya kunyooshwa, na ukiwa mnene huliponda tumbo, nawe utaona mistari midogo ya mikunjo ikitokea kwenye mbao. Katikati weka tabaka jembamba la mninga, na tumboni ningechagua mkongo wenye nyuzi zilizonyooka. Upana uwe milimita 36 karibu na kishikio, ukipungua taratibu hadi milimita 12 kwenye ncha. Vifundo vya mwanzi vipige msasa kidogo tu. Usivisawazishe kwa randa, kwa maana utakuwa umekata nyuzi zile zile unazozitegemea.

Kinachonitia wasiwasi ni hewa ya Lindi. Ukiwa karibu na bahari kiasi hicho, mbao hazikauki vizuri, na uta wa mbao zenye unyevu hulegea na kubaki umepinda kumfuata mpigaji. Zilete huku Masasi baada ya masika, zikae juu ya dari chini ya bati, nami nitazipima kwenye mizani ya duka kila wiki mpaka uzito wake uache kubadilika. Kabla ya hapo, tafadhali usifungue gundi.

Kuhusu gundi yenyewe, ile nyeupe ya samani huachia polepole inapobeba mzigo kwa muda mrefu, hasa kwenye joto, kwa hiyo nunua ile ya sehemu mbili zinazochanganywa. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, fanya kazi alfajiri, na imwage mara moja kwenye sahani bapa, kwa sababu ikirundikana kwenye kikombe hujipasha joto yenyewe na kuganda kabla hujamaliza kupaka. Nyuso zote ziwe zimekwaruzwa kwa msasa. Funika boriti kwa nailoni, panga matabaka, kisha uyafunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa upana wa vidole viwili, ukizungusha kutoka katikati kwenda nje. Vuta tyubu kwa nguvu ya wastani. Gundi ya aina hii inahitaji kubaki kati ya mbao, na anayebana kupita kiasi huikamua yote.

Baada ya siku nzima ndipo kazi yenyewe itaanza, na hapa ningependa usome polepole. Ugumu wa mkono wa uta hufuata unene wake uliopandishwa kipeo cha tatu: mahali penye milimita 15 ukiondoa milimita moja tu, umepoteza karibu moja ya tano ya nguvu ya mahali hapo. Kwa hiyo randa iweke kando mapema, utumie tupa, kisha kisu kilichoshikwa wima au kipande cha kioo, na ukwaruze tumbo peke yake. Mwanzi usiuguse.

Tengeneza kijiti kilichonyooka cha sentimita 15, ukitoboe katikati na kupitisha penseli. Mwombe mtu aushike uta ukiwa umevutwa kidogo kwenye ubao wa kupimia, ukiweke kijiti tumboni mahali palipopinda zaidi, na uirekebishe penseli ikaribie kugusa lakini isiguse. Kisha kitelezeshe kwenye mkono wote. Penseli itaandika pale tu ambapo uta haupindi vya kutosha, na hapo ndipo pa kukwaruza. Palipopinda zaidi paache, hata pakikutia hamu ya kuparekebisha. Ondoa alama, uvute uta mara thelathini hivi kwa urefu ule ule mdogo ili mbao zizoee, halafu upime upya. Kishikio, na sehemu inayokifuata mara moja, visipinde.

Funga mizani ya ndoano kwenye upote na usivuke kilo 15 hata mara moja, hata kama bado hujafika sentimita unazozitaka. Ukizifikia kilo hizo mapema, ni ishara kwamba mbao bado zinahitaji kupunguzwa. Upote uwe wa uzi wa poliesta usiovutika, wala si nailoni, na usiuachie kamwe bila mshale, kwa sababu nguvu iliyokusudiwa mshale hurudi kwenye mikono na kuipasua.

Najua unautaka kwa kulenga shabaha na wanafunzi wako, lakini wao wafahamishe mapema kwamba kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na nyuma ya shabaha muweke tuta la udongo.

Mkongo ninao hapa, uliokatwa vizuri. Niandikie vipimo vya mwanzi utakaoupata, hasa upana wake, kabla sijaupasua mkongo huo.

Wako,
Baba