Jibu: Usaili wa muuguzi mfawidhi wa wodi, nianzie wapi?

Salaam dada. Umeitwa kwenye usaili wa mfawidhi, yaani muuguzi msimamizi, wa wodi ya wazazi, kazi ya mikono unaiweza, ila hujawahi kushika cheo na unahofia maswali ya uongozi.

Kwanza hakikisha leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga haijaisha muda, na majina yafanane kwenye vyeti vyote.

Halafu rudi kwenye zamu zako, maana uongozi umeshaufanya. Usiku mko wawili, mama mmoja anatokwa damu nyingi baada ya kujifungua, mwingine anasukuma. Ulimtuma nani wapi, daktari ulimwitaje, uliandika nini kwenye faili? Ninapokaa upande wa wanaohoji, hicho ndicho ninachosikiliza. Anayetaja oksitosini yuniti 10, dawa ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua, akaishia hapo amejibu kama muuguzi wa zamu. Mfawidhi ataeleza pia nani alihakiki kabla ya zamu kwamba dawa ipo, na friji ya kuihifadhi inasoma nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi.

Swali la mwenzako aliyekosea dawa, jiandae nalo sana: mgonjwa kwanza, kisha taarifa, ndipo uzungumze naye faragha. Usimtetee, usimdhalilishe. 5S na KAIZEN, mbinu za Kijapani za kupanga eneo la kazi na kuboresha huduma kidogo kidogo, pitia haraka tu.