Udongo unanasa mafuta kweli, ila hauchagui

Mkuu umeuliza kama umpe mbwa wako mnene udongo apungue, kwa sababu umesoma kuna panya walilishwa udongo mafuta yakapungua. Hiyo habari ipo kweli, ni watafiti wa Chuo Kikuu cha South Australia mwaka 2018, ila isome vizuri, wale panya hawakukonda, walikuwa wanalishwa chakula cha mafuta mengi na waliopewa udongo waliongezeka uzito pia, ila pungufu kuliko wenzao. Halafu ule ni udongo ulioandaliwa maabara, sio wa kuchota nje.

Iko hivi, udongo wa jamii ya bentonaiti umejipanga kama kurasa nyembamba sana, ukilowa unavimba na vitu vinanasa humo, mafuta yakinasa yanatoka na kinyesi. Shida sasa hauchagui cha kunasa.

Mimi nimeliona kwa nguruwe wangu. Kila nikiachisha watoto kunyonya wanaharisha, nikaanza kuwachanganyia bentonaiti kidogo kwenye chakula, siku chache tu kinyesi kikashika, nikafurahi mno nikasema kama kidogo kinafanya hivi nikiongeza je? Nikapandisha mpaka karibu kilo 5 kwenye kila kilo 100. Wanakula kama kawaida lakini mizani haipandi, maana sehemu ya wanachokula ni udongo mtupu, hauna nguvu yoyote mwilini. Mbaya zaidi kipindi hichohicho walikuwa kwenye tailosini (antibiotiki ya kundi la makrolaidi) na kikohozi hakitulii, daktari wa mifugo akaniambia toa kwanza huo udongo, unanasa mpaka dawa. Nikautoa na kikohozi ndo kikaanza kuisha. Baadaye nikaja kujua Umoja wa Ulaya mwisho wao ni 2% ya chakula, na wanasema usitumike pamoja na dawa za kundi hilo la makrolaidi.

Siukatai udongo, bado natumia. Kwa sumukuvu ile ya aflatoksini bentonaiti inafanya kazi nzuri sana (fumonisini, sumukuvu nyingine, haiishiki vizuri, usidanganywe inamaliza zote). Lakini kazi yake ni hiyo, sio kukondesha.

Na kama mbwa ameanza kula udongo mwenyewe hapo usifurahi kabisa. Panya kwa mfano hawezi kutapika, akichefukwa anakula kaolini, aina ya udongo mweupe, maabara wanatumia hiyohiyo kupimia kichefuchefu chake. Mnyama anayetafuta udongo mara nyingi kuna kitu kinamsumbua, mfunue mdomo uangalie fizi, zikiwa nyeupe anaweza kuwa hana damu ya kutosha, na minyoo ni sababu mojawapo, mpeleke akapimwe.

Unene wake tuanzie kwenye bakuli. Anakula mara ngapi kwa siku, unampimia au unamwagia tu, na nani mwingine hapo nyumbani anampa vya pembeni?