Kwa baharia mpya wa tishari: kupweleza ni rahisi, kunasua ndiyo kazi

Mdogo wangu unayeanza kazi kwenye tishari la mlango wa mbele, chombo cha chini bapa kinachopanda ufukoni na kushusha mlango wake mchangani, nakupa neno ambalo mimi nilichelewa kuambiwa. Kupanda mchangani kila mtu anaweza. Kutoka ndiyo kazi.

Vyombo hivi vilizaliwa vitani. Vilikuja ufukweni na vifaru, vikashusha, na vikishapungua uzito vikanyanyuka na kurudi. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Mwingereza Frank Bustard alikodi meli tatu za namna hiyo kutoka jeshi la majini la kwao. Ya kwanza, LST 3519 (LST ni meli ya kushushia vifaru), akaipa jina Empire Baltic, na Septemba 1946 ikatoka Tilbury kwenda Rotterdam na magari 64. Meli za leo ambazo gari linaingia lenyewe ni za ukoo huo.

Sasa, biashara imepindua hesabu ya wanajeshi. Sisi mara nyingi tunafika watupu, tunapakia palepale mchangani, tunaondoka wazito. Kwa hiyo pakia maji yakijaa, na usipande kamwe kwenye kilele cha bamvua, yale maji makubwa yanayokuja kila baada ya wiki mbili hivi. Mwaka wangu wa kwanza tulifanya hivyo na shehena ya kokoto. Maji ya kesho yake yakaja mafupi, ya keshokutwa mafupi zaidi. Tukakaa siku 13 kungoja bamvua jingine, na hata lilipokuja ilibidi tushushe nusu ya kokoto kwa makarai. Waya wa nanga ya tezi, ile ya nyuma, ulilala juu ya mchanga mkavu, watoto wa kijijini wakiukalia kama benchi. Ile picha hainitoki.

Nanga hiyo ndiyo roho yako, ndiyo unayojivutia kutoka mchangani. Iangushe mapema, nyuma kungali na kina, kisha mtu wa winchi aachie waya taratibu bila kuulegeza sana, usije ukaingia kwenye propela. Tishari halina mkuku, ule uti wa chini wa chombo, wa kushika maji. Upepo wa ubavuni ukilikuta bila nanga nyuma, linageuka na kulala sambamba na ufuko, mawimbi yanalipiga.

Mlango nao usiuamini kwa macho. Kabla ya kuondoka, pitisha mkono kwenye mpira wake wa kuzuia maji, upande hadi upande. Kokoto moja ikibanwa pale, mtapiga pampu usiku kucha.