Kona ya Sataranji: Jihadhari na Malkia Anayerudi Nyuma

Barua za safari hii zina kilio kimoja: "Nilivamiwa ghafla." Nimechagua nne. Kwa wasomaji wapya, Weupe huanzia safu ya 1 kwenda ya 8, na herufi a hadi h, zinazotaja safu wima, huhesabiwa kutoka kushoto kwao; f7 ni mraba wa safu wima f, safu ya 7.

Mwalimu, shikamoo. Nacheza nikiwa na kete nyeusi na kila mara nafungwa kwa hatua 4: malkia na askofu wanakutana f7, kwisha habari. Rafiki ananishauri nisogeze mapema askari walio mbele ya mfalme ili nizibe njia. Nimsikilize?

Marahaba. Usimsikilize. Askari harudi nyuma, na mfalme aliyevuliwa askari wake hufungwa upesi zaidi. Weupe wakisogeza f3 kisha g4, malkia mweusi anatua h4 na mchezo umekwisha kwenye hatua ya 2. Hakuna chekimeti (mfalme kutishwa bila njia ya kuokoka) ya haraka kuliko hiyo, na imeletwa na ushauri kama huo wa rafiki yako.

Tatizo lako liko hapa. Weupe wameanza e4, wewe e5. Askofu wao c4, farasi wako c6. Kisha malkia wao h5. Mkono wako unakwenda moja kwa moja kwa farasi wa pili, umpeleke f6 ukamtishe malkia. Hatua inapendeza, lakini malkia hana haja ya kukimbia: anakula f7 akilindwa na askofu, na mfalme hana pa kwenda. Mraba wa f7 mwanzoni hulindwa na mfalme peke yake, ndiyo maana kila mwenye haraka huuvizia.

Jibu ni askari wa g kwenda g6. Malkia akirudi f3 kuvizia tena, sasa farasi aende f6. Njia imezibwa, na malkia wao amekalia mraba ambao farasi wao angeutaka. Lakini angalia mpangilio: ikiwa malkia amekwenda h5 kwenye hatua yao ya 2, usikimbilie g6 kabla farasi hajafika c6. Atakula e5 kwa cheki, yaani akimtisha mfalme, na ngome yako ya h8 itakuwa imeshanaswa.

Nacheza klabuni miaka mingi. Naweza kuwa mbele kwa kete mbili, kisha napigwa na kitu ambacho hata mtoto angekiona. Macho yangu yana nini?

Macho yako ni mazima, na uko na watu wazito. Mwaka 2006 jijini Bonn, Vladimir Kramnik akiwa bingwa wa dunia alicheza na programu ya Deep Fritz. Katika mchezo wa pili, akiwa hana tatizo lolote, alimpeleka malkia wake e3. Kompyuta ikamweka malkia wake h7: chekimeti ya hatua moja. Aliyemlinda malkia huyo alikuwa farasi aliyesimama f8, mraba ambao farasi mweupe hukaa kwa nadra sana. Jicho la mchezaji mzoefu limezoea kuona h7 ikishambuliwa na farasi aliye g5 au f6. Huyu alikuwa amekwisha kupita, yuko nyuma ya mistari, na macho yakamruka.

Anatoly Karpov naye, bingwa wa zamani, alisalimu amri kwa Larry Christiansen baada ya hatua 12 tu mjini Wijk aan Zee mwaka 1993. Alikuwa na farasi h5 asiye na mlinzi, kisha akamweka askofu d6, naye hana mlinzi. Malkia mweupe alikuwa c2. Akarudi nyumbani kwake, d1! Kutoka hapo akawa anamwona farasi kwa mshazari na askofu kwa safu wima, wote kwa mpigo, na Karpov hakuwa na hatua ya kuwaokoa wote wawili. Tunafundishwa kuogopa kete zinazokuja mbele, kwa hiyo malkia anaporudi kinyumenyume hatumhesabu kabisa.

Lakini barua yako inanikumbusha zaidi kisa cha Tigran Petrosian, mlinzi hodari kuliko karibu wote waliopata kushika kete. Amsterdam, 1956, alikuwa amembana David Bronstein hadi Bronstein akabaki kumzungusha farasi wake tu, hatua baada ya hatua. Mara farasi huyo akatua f5, akimtazama malkia wa Petrosian aliyekuwa d6. Petrosian akasogeza farasi wake mwenyewe kwenda g5, na malkia akaliwa. Hakukuwa na mtego wowote. Ni kwamba mpinzani asiye na la kufanya kwa muda mrefu hukuzoesha usimsikilize tena.

Ndiyo maana nakwambia ugonjwa wako unaanza pale unapokuwa mbele kwa kete mbili. Unatekeleza mpango wako, na hatua za mwenzako zimegeuka kelele. Kila anapoachia kete, jiulize: ile iliyosogea imeacha kulinda nini, na imefungua njia ya nani? Halafu pitia cheki zake zote na kete zote anazoweza kula, hata zile za kipuuzi. Hasa zile za kipuuzi. Nami huwaambia wanafunzi wangu waanze na kete zao zisizo na mlinzi, kwa sababu mashambulizi mengi ya "ghafla" hulenga hizo.

Mwalimu, mpinzani alinitolea askofu bure pale h7, kwa cheki. Nikamla, nikafungwa. Ningemkataa?

Ukimkataa ukakimbilia h8 umepoteza askari bure, na askofu bado yupo mlangoni. Kula si kosa lako. Mbinu hii ni ya kale mno. Mwitaliano Gioachino Greco aliiandika katika karne ya 17. Inakwenda hivi: unakula askofu, farasi anakuja g5 kwa cheki, unarudi g8, malkia anafika h5 na sasa h7 haizuiliki. Kuitoa ngome f8 ili mfalme apate upenyo mara nyingi hakutoshi, kwani malkia huanza kwa kula f7 kwa cheki. Ukibanwa hivyo, jaribu kumtoa mfalme hadi g6 badala ya kurudi g8. Inatisha kumweka mfalme hadharani, lakini mara nyingi ndiyo njia pekee iliyobaki.

Kosa lako naliona mapema zaidi, kwenye mchezo ulioniandikia. Askari wao alipofika e5, alimfukuza farasi wako wa f6, nawe ukamhamishia d7 kama vile umehama chumba tu. Farasi huyo ndiye aliyekuwa akilinda h7 na h5. Siku nyingine askari akifika e5, simama. Hesabu: askofu wao yuko kwenye mshazari wa h7? Farasi wao anafika g5? Malkia wao ana njia ya h5? Vyote vikiwapo, tafuta kete itakayoweza kurudi kulinda h7 kabla hujagusa kitu kingine.

Nikiona nimeshakosea, ni uungwana kukubali mapema?

Uungwana ni kitu kizuri, ila kwanza tazama ubao. Monte Carlo, mwaka 1902, Georg Marco alisalimu amri mbele ya Ignatz von Popiel kwa sababu askofu wake wa d4 alikuwa amebanwa, na aliona hana namna ya kumwokoa. Angemtupa askofu huyo g1, ubavuni mwa mfalme mweupe, angetishia chekimeti pale h2 na papo hapo angefungua njia ya kumla malkia wa Weupe. Alikuwa anashinda.