Kwa mnaoanza kuisoma NATO: ulizeni nani aliafiki

Juni 2024, Rais Joe Biden alipoitangaza Kenya rasmi kuwa mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO (muungano wa kujihami wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini), wanafunzi walinijia na swali moja: "Mwalimu, sasa tukivamiwa, NATO watakuja?" Jibu ni kwamba hadhi hiyo haiwalazimishi kuja. Inatolewa chini ya sheria ya Marekani peke yake, na Misri, Morocco na Tunisia walikuwa nayo kabla ya Kenya. Inaifungulia nchi mlango wa kupata vifaa vya kijeshi ambavyo Marekani haivihitaji tena, na wa kushirikiana katika mafunzo na utafiti. Ahadi ya kulindwa haimo.

Hata hivyo lilikuwa swali zuri, kwa sababu linagusa jambo ambalo ningependa kila anayeanza somo hili alishike mapema. NATO haina utashi wake ulio nje ya serikali zake 32. Mkisikia "NATO imeamua", ulizeni ni serikali zipi zilikuwa zikisukuma, ipi ilisita, na ilipewa nini hadi ikakubali. Asiyeuliza hayo ataandika kurasa nyingi kuhusu mnyama asiyekuwepo.

Anzeni na mkataba wenyewe, kabla ya vitabu vinavyouchambua. Ulisainiwa Washington tarehe 4 Aprili 1949 na nchi 12, una ibara 14 tu, na jioni moja inatosha kuusoma mara mbili. Wengi hurukia Ibara ya 5 na kuikariri nusu: shambulio dhidi ya mmoja ni shambulio dhidi ya wote. Nusu ya pili inasema kila mwanachama atachukua hatua atakayoona ni ya lazima, ikiwemo kutumia silaha. Sehemu hiyo ilipimwa kwa makini, maana Seneti ya Marekani isingepitisha mkataba unaoitumbukiza nchi vitani moja kwa moja wakati Katiba imelipa Bunge mamlaka ya kutangaza vita. Ahadi ni nzito, lakini aina ya msaada inaamuliwa na kila serikali.

Ibara hiyo imetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001. Ndege za rada za AWACS zilitoka Ulaya zikalinda anga la Marekani kuanzia Oktoba 2001 hadi Mei 2002. Likumbukeni hilo mnaposoma makala yanayodai kwamba ulinzi huu siku zote umekwenda upande mmoja.

Kisha someni Ibara ya 6, ambayo karibu kila mgeni huiruka. Ndiyo inayochora ramani: visiwa vinavyolindwa ni vile vya Atlantiki ya Kaskazini, juu ya Tropiki ya Kansa, mstari wa ramani ulio kaskazini ya ikweta. Argentina ilipoviteka visiwa vya Falkland mwaka 1982, Uingereza haikuwa na Ibara ya 5 ya kushika, kwa kuwa visiwa hivyo viko kusini mno. Hata Hawaii, jimbo kamili la Marekani, iko nje ya mstari huo.

Maamuzi hufikiwa katika Baraza la Atlantiki ya Kaskazini, Brussels, na hakuna kupiga kura. Mara nyingi Katibu Mkuu husambaza rasimu yenye muda wa mwisho. Nchi isiyotoa pingamizi kabla ya muda huo huhesabiwa imekubali, na inayopinga husemwa "imevunja ukimya". Kwa hiyo mwanachama mmoja anaweza kuwasimamisha wote. Finland na Sweden ziliomba kujiunga pamoja Mei 2022. Finland iliingia tarehe 4 Aprili 2023. Sweden ikasubiri hadi 7 Machi 2024, kwa sababu Uturuki na Hungary hazikuwa tayari. Uturuki ilikuwa na malalamiko juu ya vikundi vya Wakurdi, na pia ilikuwa ikitaka ndege za kivita za F-16 kutoka Marekani. Bunge lake lilipoiidhinisha Sweden Januari 2024, siku chache tu baadaye serikali ya Marekani iliridhia kuiuzia ndege hizo. Tarehe kama hizo zipangeni mstari mmoja kwenye daftari lenu. Hotuba hazitawaonyesha mnachokiona hapo.

Mfano ninaoupenda zaidi, na ambao sisi wa pwani hii tunauelewa haraka, unatoka Ghuba ya Aden. Aprili 2009 manowari ya Uholanzi, De Zeven Provinciën, ikiwa kwenye operesheni ya NATO dhidi ya uharamia, iliwaokoa wavuvi 20 wa Yemen waliokuwa wametekwa na maharamia wa Kisomali. Makomando wakawapata maharamia saba na silaha zao, wakazichukua silaha, kisha wakawaachia watu waende zao. Dunia ilishangaa. Sababu ilikuwa ya kisheria: NATO haikuwa na sera ya pamoja ya kuzuilia washukiwa, hivyo meli ilipaswa kufuata sheria za kwao. Sheria ya Uholanzi haikupata pa kushikia, kwani maharamia hawakuwa Waholanzi, waathiriwa hawakuwa Waholanzi, na tukio halikutokea katika maji yao. Chini ya operesheni ya Umoja wa Ulaya iliyokuwa kwenye bahari hiyohiyo, mambo yangekuwa tofauti, kwa kuwa Umoja huo ulikuwa na makubaliano na Kenya ya kupokea washukiwa. Ndiyo maana mahakama za Mombasa zilisikiliza kesi za uharamia zilizoletwa na manowari za Ulaya na Marekani.

Tazameni vizuri kilichopo hapo. Meli ni ya Uholanzi, mabaharia wanalipwa na Uholanzi, na amri ya mwisho kuhusu mfungwa iko The Hague, makao ya serikali yake. NATO ilileta mpango, mawasiliano na mamlaka ya kuratibu. Mali yake yenyewe ni chache mno, na zile AWACS zenye kituo Geilenkirchen, Ujerumani, ni miongoni mwake. Anayesema "jeshi la NATO" awe na maana kamili ya anachokisema.

Kuhusu fedha sitawachosha. Lengo la asilimia 2 ya pato la taifa, lililokubaliwa Wales mwaka 2014, lilihusu kile ambacho kila nchi inatumia kwa jeshi lake. Hakuna akaunti Brussels ambako nchi zinadaiwa malimbikizo, hata kama wanasiasa wakubwa huzungumza hivyo. Mwaka 2025, The Hague, lengo lilipandishwa hadi asilimia 5 ifikapo 2035: 3.5 kwa ulinzi wenyewe, 1.5 kwa mambo yanayohusiana nao kama miundombinu na usalama wa mitandao. Waziri Mkuu wa Uhispania alisema nchi yake itatimiza wajibu kwa asilimia 2.1. Mnaona tena: azimio ni moja, tafsiri ni za kila nchi.

Wanaowaza ajira wajue mapema kwamba nafasi za kiraia NATO ni za raia wa nchi wanachama. Wenye uraia wa huko waombe bila woga. Wengine wasikate tamaa, kazi ya ushirikiano wa kijeshi ipo Addis Ababa kwenye Umoja wa Afrika, ambako NATO ina maafisa wake wa uhusiano, na hata Nairobi kwenye Kikosi cha Dharura cha Afrika Mashariki. Na mliokulia Bujumbura au Lubumbashi, msikiache Kifaransa chenu kipate kutu. Ni mojawapo ya lugha mbili rasmi za NATO, na Kiingereza ndiyo nyingine.

Zoezi la kuanzia ni hili. Chukueni matamko manne ya wakuu wa nchi na msome sehemu zinazoihusu Ukraine tu. La Bucharest 2008 linasema Ukraine na Georgia zitakuwa wanachama, bila kutaja lini wala kuzipa mpango wa maandalizi ambao Marekani iliutaka na Ujerumani na Ufaransa zikaukataa. La Vilnius 2023 linasema Ukraine itaalikwa wanachama watakapokubaliana na masharti yakitimia. La Washington 2024 linaiita njia hiyo isiyoweza kurudishwa nyuma. La The Hague 2025 lina aya tano tu, na uanachama wa Ukraine haumo. Andikeni ukurasa mmoja kueleza ni serikali zipi zilibadilika kati ya tamko na tamko, na zipi zilibaki pale zilipokuwa tangu 2008.